Noah ya Akina Mama

Noah ilikuwa imebeba magunia manne ya maharage na akina mama saba, na upepo wa Julai ulikuwa unakata masikio pale Mazwi, Coleta alipokanyaga breki na kushusha mkono wa gia hadi kwenye D. Hakuna kilichotokea. Injini iliendelea kunguruma mahali pale pale. Moja, mbili, tatu. Kisha kishindo kikapiga chini ya sakafu, gari likaruka mbele hatua nzima, na chupa ya chai ya Bertilla ikaangukia miguuni pake na kupasuka.

"Yesu na Maria!" alisema Bertilla, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama hao, akiinua sketi iliyolowa. "Mama Redempta, unatuua?"

Isdori, mume wa Coleta, alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yao na bakuli la uji wa ulezi. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemuuliza kitu.

"Miguu miwili!" alipaza sauti. "Nimesema tangu mwezi wa tano. Mguu mmoja kwenye breki, mwingine kwenye mafuta, kama anacheza ngoma. Gia boksi gani itavumilia?"

"Naendesha kwa mguu mmoja, Baba Redempta," Coleta alisema bila kugeuka.

"Mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia."

Akina mama wakacheka. Kilikuwa kile kicheko cha watu waliopewa ruhusa na mwenye nyumba, na kiliendelea kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Kristiana peke yake, aliyekuwa mdogo kuliko wote na aliyeahidiwa kufundishwa udereva na Coleta ifikapo Agosti, hakucheka. Aliinama akatazama miguu ya Coleta, kama anayetaka kuhakikisha.

Gari lile lilikuwa la kikundi, la kupeleka maharage na ulezi sokoni na kuleta dagaa kutoka Kirando. Coleta ndiye aliyekuwa na leseni. Aliipata akiwa na miaka hamsini na sita, baada ya kukaa darasani na vijana waliomwita bibi, na kwa miaka miwili hakuwahi hata kukwaruza bampa. Lakini Isdori alikuwa ameendesha malori miaka thelathini na mbili bila kupindua hata moja. Mazwi yote ilimwita Dereva, pasipo jina lingine. Neno lake kuhusu gari lilipokelewa kama neno la padri kuhusu misa.

"Gari iende kwa fundi leo hii," Bertilla aliamua. "Na wewe Baba Redempta uende nayo. Wewe ndiye unayejua lugha yao."

"Nitakwenda. Na yeye aje, aambiwe kwa masikio yake."

Coleta alizima injini. Akashuka, akaanza kuokota vipande vya chupa kwa mikono.

*

Meshack alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Bonde la Rukwa na ng'ombe wao. Yeye ng'ombe hawakumvutia. Akaenda kusoma ufundi, akarudi akafungua gereji nyuma ya kituo cha bodaboda. Juu ya tairi kuukuu pale mlangoni alishinda Felisiani, aliyewahi kuwa utingo wa Isdori. Sasa alikuwa dereva kamili asiye na gari, na alikuwa akisubiri hapo mpaka atokee mtu wa kumpa moja.

"Shikamoo, Dereva!" Felisiani aliruka kutoka kwenye tairi.

"Marahaba. Nimemleta mgonjwa. Wagonjwa wawili, niseme." Isdori alimwelekezea mkewe kidevu. "Fundi, mama huyu anakanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Mwambie wewe, mimi nimechoka."

Meshack alifuta mikono kwa tambara. "Shikamoo, mama. Tatizo linaanzaje?"

"Linaanza kwa miguu," alisema Isdori.

"Samahani, mzee. Nimemuuliza mama. Yeye ndiye anayekaa nayo."

Coleta alimtazama yule fundi kwa mshangao kidogo, kisha akaeleza kwa utaratibu. "Asubuhi ikiwa ya baridi, inachelewa kuingia. Naweka D, inakaa, naweza kusali nusu ya Baba Yetu. Halafu inapiga. Rivasi vilevile. Ikipata moto inapungua, ila ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili inashtuka. Ilianza baada ya Pasaka." Akasita. "Na Jumatatu inakuwa mbaya kuliko Jumamosi."

"Jumatatu?"

"Ndiyo. Sijui kwa nini."

Isdori alikohoa. "Gari haijui kalenda, fundi. Fanya kazi."

Meshack akafanya kazi. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akasikiliza silensa, mlio wa injini isiyokanyagwa mafuta. Ingekuwa juu, alisema, gia ingeingia kwa kishindo, na dawa yake ingekuwa ya dakika tano tu. Lakini ilikuwa chini, imetulia. Akamwomba Coleta akanyage breki kwa nguvu na kuhamisha gia, D, R, D, naye akaiinamia injini kuona kama inaruka kwenye vishikio vyake. Haikuruka. "Mauntini nzima," alisema. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi na kukifuta kwa kitambaa cheupe.

Oili ile huwa nyekundu, kama juisi ya rozela. Hii iliacha doa la kahawia karibu na nyeusi. Meshack alinusa, akampa Isdori naye anuse. Isdori hakuhitaji kuelezwa. Ilikuwa harufu ya kitu kilichoungua ndani.

"Si unaona?" alisema. "Breki na mafuta kwa pamoja."

"Inawezekana, mzee." Meshack alipiga magoti, akachungulia gurudumu la mbele, akaenda la pili. "Lakini mtu wa kukanyaga vyote viwili angekuwa amemaliza na breki. Breki za mama bado nene. Hazijaguswa, mtu anaweza kusema."

Felisiani alipiga kofi pajani. "Dereva, mke ameshinda kesi!"

Watu wawili watatu pale gerejini wakacheka, na safari hii kicheko hakikuwa upande wa Isdori.

"Kuna mwingine anayeiendesha?" Meshack aliuliza.

"Hakuna," alisema Isdori, haraka mno.

Coleta alimtazama mumewe, kisha akatazama chini. Gari lilikuwa linalala uani kwao. Na karibu kila Jumapili, yeye akiwa kwenye kwaya, Isdori alilichukua mpaka kijiji cha Kate kwa mdogo wake Sebastiani, kushinda huko na kurudi kabla ya jioni. Kikundi hakikujua. Ilikuwa siri moja tu Coleta aliyowaficha wenzake, na aliificha kwa sababu alijua mzee aliyezoea usukani anavyonyauka akikosa usukani. Hakuona ubaya wake. Angeuona wapi, na kila Jumatatu gari lilikuwepo pale pale uani, limeoshwa?

"Basi twende barabarani," alisema Meshack. "Mama aendeshe kama siku zote. Mimi nitakaa nyuma, sitaongea."

*

Coleta aliendesha kutoka mjini, akapita nyumba za mwisho, akapanda kilima kilichotazama mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Meshack alikuwa ameegemeza viwiko kwenye viti vya mbele, macho yake chini. Mguu wa kushoto wa Coleta, ndani ya raba ya bluu, ulilala pembeni safari nzima. Wa kulia ulifanya kazi yote. Kabla ya kuhamisha gia alisimamisha gari kabisa, akashika breki, akahamisha, akangoja mpaka ishike. Alikuwa anaendesha kama mtu anayebeba mayai ya jirani.

Isdori aliliona hilo na likamchoma. Asiyejua gari angeweza kulikana. Yeye alikuwa analijua.

"Ndivyo anavyoendesha akitazamwa," alisema walipofika juu. "Shuka, Coleta. Shuka nikuonyeshe gari inavyoendeshwa."

"Mzee, si lazima," alisema Meshack.

"Shuka."

Coleta akashuka, wakabadilishana viti. Tuseme ukweli, Isdori alikuwa dereva mzuri. Aligeuza Noah kwenye njia nyembamba kwa mkono mmoja, akaingia barabarani bila hata kokoto kuruka, na mgongo wake ukanyooka kama wa kijana. Walipofika pale kilima kinapoanza kuanguka kuelekea mjini, mkono wake wa kushoto ukainuka wenyewe, ukasukuma mkono wa gia kutoka D hadi N.

Sauti ya injini ikashuka. Gari likaanza kuteremka lenyewe, sitini, sabini, themanini, upepo ukipiga filimbi dirishani. Isdori alikuwa ametulia kabisa. Hata hakujua kwamba amefanya kitu. Chini, kasi ilipoanza kupungua, mkono ule ule ukarudisha gia kwenye D.

Kishindo kikapanda mpaka kwenye viti. Coleta alishika dashibodi kwa mikono miwili.

"Mzee," alisema Meshack kwa upole. "Simamisha kidogo."

Isdori alisimamisha.

"Umeitoa gia pale juu."

"Nimeiachia tu. Inabana mafuta. Wakati wa malori tulikuwa..." Akaishia hapo.

"Hii si lori la klachi ya mguu, mzee. Ukiiachia kwenye N kwa kasi ile, magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani mbio mbio, wakati pampu ya oili inasukuma kidogo tu, kwa sababu injini iko silensa. Vinakauka. Halafu unarudisha D ikiwa bado inakimbia. Zile sahani za ndani zinakamatana ghafla na kuungua. Mara moja huoni kitu. Mara ya ishirini ndiyo unanusa kile tulichonusa." Fundi hakuinua sauti hata kidogo. Alikuwa anaeleza tu, na hiyo ndiyo iliyouma. "Mama hana kosa. Mama ndiye aliyeifanya idumu mpaka leo."

Mwendesha baiskeli aliyebeba mkaa akawapita na kusalimia.

"Kate," alisema Coleta.

Isdori alikuwa anatazama usukani.

"Unakwenda Kate na kurudi, kila mteremko unaiachia. Ndiyo maana Jumatatu inakuwa mbaya." Hakuwa anagomba. Alikuwa anajumlisha. "Ili Bertilla asione mshale wa mafuta."

Kila Jumatatu Bertilla aliingiza kichwa dirishani kutazama mshale wa mafuta, na kila Jumapili jioni Isdori alikuwa ameshaongezea chupa mbili tatu za petroli kutoka mfukoni mwake. Chupa hazikutosha. Mafuta yaliyopungua aliyabana kwenye miteremko. Alikuwa amejiona mjanja. Sasa, mbele ya kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe na mke ambaye kwa miezi mitatu alimfanya kichekesho cha uani, aliona aibu, na hakuwa na mahali pa kuiweka.

"Kijana," alisema mwishowe. "Hili libaki humu ndani."

Meshack aliegemea nyuma. "Mimi ni fundi wa gari, mzee. Ya watu siyajui."

"Niahidi."

"Sitasema kwa mtu. Nimeahidi."

Coleta alikuwa ameshafungua mlango. Alizunguka mbele ya gari, akasimama upande wa dereva akingoja. Isdori akampisha.

*

Felisiani aliwaona wanaingia gerejini na hakuweza kujizuia. "Ehe! Mahakama imesemaje? Ni miguu au si miguu?"

Na wale wengine wakasogea, wakiwa na chai zao mikononi. Meshack alipita katikati yao moja kwa moja kwenda kuchukua jeki.

Coleta alimtazama mumewe. Isdori alifungua mdomo. Mdomo ulibaki wazi, na hakuna kilichotoka. Mwanamke aliyeishi na mtu miaka thelathini na mitano anajua anapozama. Coleta akaona anazama.

"Ni mimi," alisema. "Nitajirekebisha."

"Ahaaa!" Felisiani aligeuka kwa wenzake. "Si mnaona! Miguu miwili! Dereva hakosei!"

Wakati ulikuwepo. Wangeulizwa baadaye, wote wangesema wakati ulikuwepo: kicheko kilichukua muda, mtu alimwaga chai, mwingine akaomba kueleweshwa upya. Sentensi moja ingeingia hapo bila kubanwa. Na Isdori akasema sentensi moja.

"Si nilisema?"

Meshack, aliyekuwa chini ya gari, aliacha kufungua boliti. Hakutoka. Baada ya muda ikasikika tena ile spana yake.

*

Jioni Coleta alisonga ugali, akaweka maharage, akanawisha mikono ya mumewe kama kila siku. Isdori alikula matonge matatu.

"Umefanya vizuri pale," alisema. "Umenisitiri."

"Sikukusitiri. Nilikupa nafasi upumue." Coleta alikusanya maganda ya vitunguu kwenye kiganja. "Nilidhani ukishapumua utasema."

"Nitasema."

"Lini?"

"Jumapili kuna kikao cha kikundi. Nitasema pale, mbele ya wote, iwe mara moja."

"Leo Jumatano, Baba Redempta."

"Nitasema kabla, basi. Nitampitia Bertilla."

Hakumpitia Bertilla. Alhamisi alisema ana kifua. Ijumaa alitoka kwa nia hiyo kabisa, akafika mpaka kwenye geti la Bertilla, akasikia sauti za watu ndani, akaendelea kutembea kama mwenye safari yake. Alizunguka soko zima na kurudi nyumbani na fungu la nyanya ambalo hakutumwa.

Felisiani, yeye, hakuwa na kifua cha kutunza neno. Kufikia Ijumaa vijana wa bodaboda walikuwa wameshampa Coleta jina. "Mama Miguu Miwili, tukupeleke?" walimwita akipita na kikapu. Mmoja wao alimbatiza hivyo mbele ya watoto wa shule, nao wakalichukua jina hilo wakaenda nalo nyumbani.

Jumamosi asubuhi Kristiana alikuja. Isdori alikuwa chumbani, amekaa kitandani, amevaa kiatu kimoja. Mlango ulikuwa wazi nusu.

"Nimekuja kukuambia kuhusu Agosti, mama," alisikia Kristiana akisema. "Haitawezekana."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mume wangu amekataa. Amesema Mama Redempta analala nyumba moja na dereva wa miaka thelathini na bado ameua gia boksi. Mimi nisiyelala na dereva, amesema nitaua watu." Kristiana alijaribu kucheka na haikutokea vizuri. "Nilikuwa nimeshaweka pesa ya leseni. Ameichukua, anataka kununua mbolea."

Ikasikika sauti ya ufagio.

"Mama, kweli ulikuwa unakanyaga vyote viwili? Mimi nilikuangalia Jumatano. Sikuona."

Isdori alishika kamba za kile kiatu. Alikuwa na hatua nne tu kufika mlangoni. Alizivuta kamba, akazifunga, akazifungua, akazifunga tena polepole, akizihesabu tundu kwa tundu. Hakusikia mkewe alijibu nini. Alipomaliza kufunga kiatu, Kristiana alikuwa ameshaondoka, na Coleta alikuwa anafagia uani mahali palipokuwa tayari pamefagiliwa.

Mchana ule ule Meshack alirudisha gari. Alikuwa amefungua sampo, bakuli la oili la gia boksi, na kukuta unga mweusi chini yake, akaosha, akabadilisha chujio na oili. "Haitakuwa mpya," alimwambia Coleta. "Lakini ukiendesha wewe kama ulivyoendesha Jumatano, itakupa mwaka, pengine miwili. Akiendesha mwingine, sijui." Akampa ufunguo. Isdori alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Meshack akamsalimia shikamoo kwa heshima ile ile ya siku ya kwanza, na Isdori akatamani angemtukana.

*

Kikao kilikuwa nyumbani kwa Bertilla, baada ya misa ya pili. Akina mama walikaa kwenye mikeka, baadhi ya waume wakasimama ukutani kuota jua. Felisiani alikuwepo, amevaa shati lililopigwa pasi.

Bertilla hakuzunguka. "Gari imetengenezwa. Imetuumiza, lakini imepona. Sasa ni suala la usukani. Mama Redempta ametufanyia kazi miaka miwili na hatumlaumu, umri nao ni umri. Tumefikiri Felisiani atuendeshee. Amekulia mikononi mwa Dereva mwenyewe."

Coleta alikuwa na ufunguo mapajani. Aliufunika kwa kanga.

Na hapo, mwishowe, Isdori akasogea kutoka ukutani.

"Mwenyekiti, naomba nafasi. Gari hili nimeliharibu mimi." Hakungoja ruhusa, alijua akingoja hatasema. "Kila Jumapili nilikuwa nakwenda nalo Kate kwa Sebastiani bila kuwaambia. Kwenye miteremko nilikuwa naitoa gia, ili mafuta yasiishe, Mama Bertilla asijue. Hiyo ndiyo iliyounguza gia boksi. Fundi alinikamata nikifanya. Mke wangu anaendesha kwa mguu mmoja. Nilimsingizia, na aliponifichia aibu mbele ya Felisiani nikazidi kumsingizia. Ufunguo ubaki kwake."

Alikuwa amemaliza. Alikuwa analia kidogo na hakujali. Kwa siku nne mfululizo hakuwa amevuta pumzi kama ile.

Kisha Bertilla akaweka mkono kifuani, na macho yake nayo yakalowa.

"Mnaona?" alisema, akiwageukia wanaume wa ukutani. "Mnaona mwanaume? Miaka thelathini na mitano ya ndoa, na bado anambebea mwenzake mzigo!"

Mtu akapiga kigelegele. Makofi yakafuata.

"Simbebei!" Isdori alipaza sauti. "Nasema kweli!"

"Tunajua, Baba Redempta, tunajua. Mpaka safari za Kate amejitungia, maskini. Mshale wa mafuta nautazama mimi kila Jumatatu kwa macho yangu mawili. Haujawahi kupungua."

"Kwa sababu nilikuwa naongezea! Muulizeni fundi."

"Fundi nilimpigia Alhamisi. Nikamuuliza nani aliyeharibu. Akasema yeye hasemi, niwaulize waliokuja na gari. Na waliokuja na gari walikuwa wameshasema. Felisiani alisikia kwa masikio yake."

"Nilisikia," alisema Felisiani. Hakuonekana mwenye furaha. "Mama alisema ni yeye. Na Dereva akasema, si nilisema."

"Mpigieni tena. Nimemruhusu aseme."

"Jumapili yuko bondeni kwa wazazi wake, hakuna mtandao. Na hata akisema leo, Baba Redempta," Bertilla alitabasamu kwa upendo, "si utakuwa umeshampanga la kusema?"

Wakacheka tena, kicheko cha kumpenda mtu. Kisha Bertilla akamgeukia Coleta, na tabasamu likapungua.

"Mama Redempta. Ni kweli anayosema mzee?"

Coleta aliinua kichwa. "Ni kweli."

"Kwa hiyo Jumatano ulidanganya."

"Nilisema vile nikijua atasema mwenyewe."

"Jumatano ni wewe, leo ni yeye. Tukuamini siku gani?" Bertilla alishusha sauti, kama anavyofanya mtu anayemwonya rafiki. "Mama, si vizuri. Usimwingize mzee wa watu kwenye aibu kama hii kwa ajili ya ufunguo."

Hakuna aliyecheka sasa. Wanawake kadhaa walitazama mikeka. Kristiana alimtazama Coleta miguuni, kisha usoni, midomo yake ikafunguka kama anayetaka kusema neno. Mumewe, kule ukutani, alikohoa. Kristiana akafunga mdomo.

Coleta alitoa ufunguo chini ya kanga. Hakumpa Bertilla. Alisimama, akavuka uani mpaka kwa Felisiani, akauweka kiganjani mwake.

"Asubuhi ya baridi, uiache ipate moto kwanza," alimwambia. "Ukiweka D, usikanyage mafuta. Ngoja ishike. Na usiitoe gia mteremkoni, hata kidogo."

"Mama, mimi nimeendesha lori la Fuso," alisema Felisiani.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu. Isdori alitembea nusu hatua nyuma yake, kofia mkononi.

"Nimesema, Mama Redempta. Umenisikia. Nimesema yote."

"Nimekusikia."

"Hawakuniamini."

"Jumatano wangekuamini."

Alitaka kusema neno la kuomba msamaha, akaona kila neno alilonalo ni dogo. Alikuwa bado analitafuta waliposikia mtu akikimbia nyuma yao. Alikuwa mume wa Kristiana, anahema, kofia ameivua.

"Mzee, shikamoo. Samahani, nisingeweza kulala bila kukushika mkono." Aliushika mkono wa Isdori kwa mikono yake miwili. "Umetufundisha leo. Haki ya Mungu umetufundisha sisi vijana. Nimemwambia mke wangu, yule ndiye mwanaume."

Nyuma yake wengine wawili walikuwa wanakuja, na mmoja alikuwa ameshanyoosha mkono kutoka mbali. Isdori alijaribu kuuvuta wake, lakini ulikuwa umeshikwa vizuri. Coleta alisimama kando ya barabara, mgongo ameupa upepo, akingoja wamalize kumpongeza mumewe.